Simu Niliyomshikia Kagiri

“Hii ni pazia ya jukwaa ama ya bafu?”

Kagiri alikuwa ameinua kitambaa cha zambarau juu ya kichwa chake, kikamfunika mpaka magotini. Mama aliyekuwa akiuza mitumba pale Soko la Toi alicheka hadi akakaa juu ya nguo zake.

“Ya jukwaa,” nikamwambia. “Na uishushe, unaichafua.”

“Mafresha wakiona hii watajua wamefika mbinguni.”

“Mafresha wakiona hii watajua Chair wao hajui rangi.”

Ilikuwa Jumanne. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu iliyofuata, na sisi wa CU, umoja wa wanafunzi Wakristo, tulikuwa na siku chache za kupanga kila kitu. Meza ya kuwapokea mafresha, yaani wanafunzi wapya, getini, watu wa kuwabebea masanduku hadi hosteli, vikundi vya Biblia, kwaya, chai, ibada ya kwanza. Kagiri ndiye alikuwa mwenyekiti, kila mtu alimwita Chair. Mimi, Nasipwondi, niliongoza kamati ya maombi. Yeye ni mtoto wa Kawangware, baba yake ana ploti tatu za kupangisha huko. Mimi nimekulia Kibera, nyumba ya kukodi, baba yangu ni seremala. Tulikuwa tumependana miaka miwili, na wiki hiyo ndiyo mambo yalikuwa yameanza kunyooka.

“Nasi,” aliniambia huku akikunja pazia. “Mathe amesema uje Jumapili.”

“Kufanya?”

“Chai.”

“Chai ya kawaida ama chai?”

“Chai chai. Amesema, mlete huyo msichana wa Kibera nimwone vizuri. Atapika mukimo.”

Nilisimama katikati ya soko. Mama Kagiri alikuwa amenisalimia kwa vidole viwili kwa miaka miwili. Mtu kama huyo akikupikia mukimo, hujaitwa kunywa chai, umeitwa kuwa mkwe.

“Unalia?” Kagiri akauliza.

“Ni vumbi.”

“Hakuna vumbi hapa, Nasi.”

Simu yake ikatoa mlio. Aliisoma, kisha akaisoma tena, halafu akanipa. Ujumbe ulitoka kwa namba ngeni:

*“Hi Kagiri. Ni Immaculate, sister ya Wekulo. Nimeitwa kwa chuo yenu, nareport Monday. Naweza kuja kuwasaidia kupanga mambo ya mafresha? Wekulo alikuwa anapenda hiyo kazi sana.”*

“Mwambie aje,” nikasema. Nikamrudishia simu haraka.

Kagiri alikaa kwenye ukingo wa meza ya yule mama, pazia mapajani. Uso uliokuwa unacheka ulikuwa umeondoka.

“Miezi yote hii nauliza kitu moja,” akasema. “Kwa nini hakunipigia? Kwetu na kwao ni dakika kumi kwa miguu. Angenipigia tu, Nasi. Hata kama ningekuwa nahubiri, ningeshuka.”

“Usijitese.”

“Kwani sikuwa mtu wa kupigiwa?”

Nilimshika bega. Nikamwambia Mungu anajua. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimpa tangu mwezi wa tatu, na kila nilipoyatamka sikumtazama machoni.

Kwa sababu Wekulo alipiga. Na simu ilikuwa mkononi mwangu.

Wacha niwaambie ilivyokuwa. Jumapili ile, tarehe tisa mwezi wa tatu, CU ilikuwa na ibada kubwa. Makanisa matatu yalikuwa yameleta wageni, na Kagiri alikuwa anahubiri mbele ya watu wengi hivyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefunga siku tatu. Alikosea vifungo vya shati mara mbili mpaka nikamfungia mimi. Akanipa simu yake. “Shika hii, nisisumbuliwe.”

Wekulo alikuwa fresha wetu wa mwaka huo, kijana mrefu asiyependa kuongea, aliyekuwa wa kwanza kufika kupanga viti na wa mwisho kuondoka. Wikendi hiyo alikuwa amerudi kwao Kongo, kule ndani ya Kawangware. Mama yake na Immaculate walikuwa wameenda Bungoma kwa mazishi. Alikuwa peke yake nyumbani.

Simu ikalia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikaishika. Tukaongea kidogo, nikamwambia Kagiri yuko karibu kupanda madhabahuni, anywe maji ya moto, tutampigia tukimaliza. Akapiga tena. Nikaweka simu isilie. Akapiga mara nne kwa jumla baada ya ile ya kwanza.

Kagiri alihubiri siku hiyo kama mtu aliyewashwa moto. Watu walilia. Tulipomaliza, wachungaji wakawa wanampiga mabega, naye ananitafuta kwa macho akitabasamu. Mimi nikaangalia simu yake, nikaona zile simu tano, nikawaza akiona hizi atajilaumu, wacha afurahie leo. Nikazifuta zote. Nilikusudia kumpigia Wekulo mimi mwenyewe. Halafu nikaanza kupakulia wageni chakula, na nikasahau.

Jumatatu asubuhi majirani walimbeba hadi hospitalini. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Akafa saa sita mchana.

Kwenye mazishi, Kagiri alisimama mbele ya jeneza akasema, “Angenipigia, ningekuja nikikimbia.” Mama Wekulo akamkumbatia na kumshukuru. Nami nilikuwa nimeshika kikapu cha maua, mita tatu kutoka hapo.

Alhamisi mchana kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa moja Kibera, karibu na Nyayo Highrise. Immaculate alifika kabla ya wengi. Msichana mwembamba, nywele amezisuka kwa kubana, sweta ya shule ya zamani bado mwilini. Aliandika majina ya vikundi vya Biblia kwenye karatasi kubwa, kwa mwandiko mzuri. Tabby, aliyekuwa akisimamia mambo ya chai, akaninong’oneza, “Huyu Mungu ametuletea.”

Patron wetu, mlezi wa CU, Mwalimu Ndeti, alifunga mafaili yake akauliza kama kuna mtu ana jambo. Immaculate akainua mkono.

“Mimi niko na swali kwa Chair.”

“Uliza, siz,” Kagiri akasema kwa upole.

Akatoa simu kwenye mfuko wa sweta. Kioo chake kilikuwa kipya, mwili wake umechubuka.

“Hii ni ya Wekulo. Ilikuwa imekufa screen. Wiki jana fundi ameirudisha.” Akatelezesha kidole kwenye kioo. “Hii hapa ni siku ya tarehe tisa, mwezi wa tatu. Saa tatu na dakika kumi na mbili. ‘Kagiri Chair.’ Mliongea sekunde arobaini na nane. Halafu amekupigia tena mara nne, hukushika.”

Nje kulikuwa na mtu anagonga mabati.

“Haiwezekani,” Kagiri akasema.

“Njoo uone.”

Akaenda. Akaona. Nilimtazama akisoma, midomo ikisogea kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

“Mimi sijawahi ongea na Wekulo hiyo siku,” akasema. “Mungu ni shahidi.”

“Kwani simu inadanganya?”

“Sijui. Sijui, Immaculate. Lakini si mimi.”

“Ulisimama kwa kaburi ya ndugu yangu ukasema angekupigia ungekuja ukikimbia.” Sasa alikuwa analia. “Mama yangu alikushukuru! Mpaka leo anakuombea kwa jina!”

“Immaculate, nisikize…”

“Alikwambia nini? Hiyo tu ndio nataka. Alikwambia nini kwa hizo sekunde arobaini na nane?”

Kagiri akageuka kuniangalia. Hakunishuku hata kidogo. Aliniangalia kama mtu anayeteleza anavyoangalia ukuta wa kushika. Alikuwa anasubiri niseme, “Huyu namjua, hadanganyi.”

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, nilifungua. Kisha nikaona mukimo wa Jumapili, nikaona nyuso kumi na moja zikinigeukia, nikaona simu ile ndogo iliyochubuka. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba.

Mwalimu Ndeti aliongea polepole. “Kagiri, mimi sikuhukumu leo. Lakini hatuwezi kupokea watoto wa watu tukiwa na swali kama hili. Kaa kando kwanza. Nasipwondi ataongoza maandalizi mpaka tujue.”

“Patron, mimi…” nikaanza.

“Uko na shida na hiyo?”

Watu wote wananitazama.

“Hapana,” nikasema.

Kagiri aliweka funguo za stoo ya CU mezani, mbele yangu, taratibu, akatoka.

Ijumaa niliamka nikafanya kazi yote ya Chair. Nilipiga simu za kukodi mahema, nikagawanya watu wa getini, nikasikiliza kwaya. Kila aliyenipita alinipa pole kwa sababu “umemjua mtu wako kwa njia mbaya.” Tabby akanishika mkono, “Aki Nasi, bora umejua kabla ya harusi.” Nikamshukuru. Hebu fikiria, nikamshukuru.

Saa kumi jioni Kagiri akatuma ujumbe:

*“Nasi, nadhani nachanganyikiwa. Labda nilishika hiyo simu nikasahau. Nilikuwa na njaa ya siku tatu na woga. Mtu anaweza sahau kitu kama hiyo?”*

Baada ya muda kidogo ukaja mwingine:

*“Nimeanza kusikia sauti yake akinipigia. Sijui kama nakumbuka ama naitunga. Niombee.”*

Nilikuwa nimekaa kitandani kwetu, dada zangu wakifua nje. Nilisoma ile *niombee* mpaka herufi zikapoteza maana. Mtu niliyempenda alikuwa anajifunza kuamini kuwa yeye ni muuaji na mwongo, ili mimi ninywe chai kwao.

Jumamosi saa tano asubuhi nilishuka Kawangware.

Nilimkuta kwenye ngazi za ploti ya baba yake, hajanyoa, simu sikioni. Aliponiona akakata.

“Nilikuwa naongea na watu wa mtandao,” akasema. “Nimewaomba rekodi ya simu zangu za mwezi wa tatu. Wanasema inachukua muda.” Akajaribu kutabasamu. “Nataka tu nijue kama mimi ni mwongo.”

“Kagiri, achana na rekodi.”

“Siwezi. Mathe ananiuliza kwa nini sili. Nitamwambia nini?”

Kana kwamba amesikia anatajwa, mama yake akatokea kwenye roshani ya juu na kitambaa begani. “Ni Nasi? Mbona umekuja leo, mimi nimepanga kesho? Panda juu mami, kuna uji!”

Mami. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

“Nakuja, Mama,” nikajibu. Kisha nikamgeukia Kagiri kabla ujasiri haujaniponyoka. “Simu yako ilikuwa na mimi.”

“Simu gani?”

“Hiyo Jumapili. Ulinipa nishike ukienda kuhubiri. Wekulo akapiga. Mimi ndiye niliyeongea na yeye.”

Alinitazama. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

“Lakini nilipochukua simu yangu haikuwa na missed call.”

“Nilifuta.”

“Ulifuta.”

“Ulikuwa na furaha. Nilisema wacha afurahie leo, mimi nitampigia. Halafu kukawa na wageni, chakula… nikasahau, Kagiri. Nilisahau mpaka Jumatatu tulipopata habari.”

“Na kwenye mazishi?”

“Niliogopa.”

“Na juzi? Nasi, juzi nikikuangalia?”

Alishuka ngazi mbili, akakaa chini, akanipa mgongo.

“Miezi sita,” akasema. “Miezi sita nakuuliza kwa nini hakunipigia. Unanishika bega. Unaniambia Mungu anajua.”

“Nilikuwa nakupenda. Nilifanya kwa sababu yako…”

“Usiseme hivyo!” Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. Mwanamke aliyekuwa akichota maji uani akageuka. “Usiniwekee mimi hiyo. Usiseme ulifanya kwa sababu yangu. Mimi ningeshuka hapo madhabahuni. Ulijua ningeshuka, ndio maana hukuniambia!”

Maneno hayo yalinipata kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilijua angeshuka. Niliogopa angeshuka. Nilitaka watu wamwone mtu wangu akihubiri.

Kisha Kagiri akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, “Alisema nini?”

“Alisema, ‘Chair, niko na tumbo mbaya tangu jana, siwezi simama. Uko home? Naomba unitumie mtu.’ Nikamwambia ni Nasi, Kagiri anaenda kuhubiri, ni gesi hiyo, kunywa maji ya moto. Akasema, ‘Sawa, Nasi. Mwambie nimejaribu. Ikipoa nitakuja nisaidie kutoa viti.’”

Kagiri alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti. Nilinyoosha mkono, nao ukabaki hewani, nikaurudisha.

“Uji unapoa!” mama yake akaita kutoka juu.

Kagiri akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati. “Twende.”

“Wapi?”

“Kongo. Kwa mama yake.”

“Leo?”

“Ulitaka lini?”

Tulitembea zile dakika kumi. Yeye mbele, mimi nyuma hatua tano, kama watu wasiojuana. Tulipita vibanda vya kinyozi na wauza samaki, tukaruka mtaro, tukaingia kwenye vichochoro vya mabati. Watu walimsalimia, “Niaje Kagiri,” akawainulia mkono. Hakugeuka hata mara moja kuona kama bado nipo.

Mama Wekulo, jina lake Magdaline, alikuwa mlangoni amekaa kwenye kigoda akikata sukuma wiki za kuuza. Ndani, Immaculate alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku la chuo. Alipomwona Kagiri alisimama wima.

“Umekuja kufanya nini?”

“Si mimi,” Kagiri akasema. “Huyu ana maneno.”

Mama akaniangalia. “Si wewe ni yule msichana wa maombi? Ulibeba maua.”

“Ndio, Mama.” Nilipiga magoti pale kwenye mlango, kwenye vipande vya sukuma. “Mama, siku Wekulo aliugua alimpigia Kagiri simu. Kagiri hakuiona. Mimi ndiye nilikuwa nayo. Mimi ndiye nilishika. Nilimwambia angoje, halafu nikafuta, nikanyamaza. Kagiri hajui chochote. Nimemwambia leo tu.”

Kisu kilisimama. Immaculate akatoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba, akanijia, na Kagiri akaingia katikati.

“Ulikuwa pale Alhamisi!” akapiga kelele juu ya bega lake. “Ulikuwa umekaa pale! Umenisikia nikiuliza! Ukakubali wakupe kiti yake!”

“Nilikuwa.”

“Immaculate,” mama yake akasema. “Nyamaza kidogo.”

Aliweka kisu chini. Akapangusa mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

“Alisema nini?”

Nikamwambia. Neno kwa neno, kama nilivyomwambia Kagiri. Tumbo, siwezi simama, naomba unitumie mtu. Sawa, Nasi. Mwambie nimejaribu. Ikipoa nitakuja nisaidie kutoa viti.

“Sauti yake ilikuwa aje?”

“Ya chini, Mama.”

“Alikuwa analia?”

“Hapana. Alikuwa anapumua katikati ya maneno.”

“Alisema *sawa*?”

“Alisema sawa.”

Mama Wekulo alifumba macho. “Rudia.”

Nikarudia.

“Tena.”

“Mum, wacha!” Immaculate akalia. “Mum, mfukuze!”

“Nimesema unyamaze. Hii ndio sauti ya mwisho ya mtoto wangu, na huyu ndiye ako nayo.” Hakufumbua macho. “Tena.”

Nikarudia mara ya tatu. Nilipofika kwenye *nitakuja* nilishindwa, nikaanza upya, yeye akangoja. Kagiri alikuwa amegeukia ukuta wa mabati, paji la uso limeuegemea.

Nilipomaliza, Mama Wekulo alifumbua macho. Hayakuwa na machozi.

“Angepona?”

“Daktari alisema…”

“Najua daktari alisema nini. Nakuuliza wewe. Ungeenda kumwambia huyu, huyu angetuma mtu, mtoto wangu angepona?”

“Nadhani angepona, Mama.”

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji na kuikuta kamili.

“Sasa toka kwa mlango wangu. Sikulaani. Sina nguvu ya kulaani mtu. Lakini usirudi hapa kuomba msamaha, maana sitakuwa nao hata mwaka ujao.” Kisha akamgeukia Kagiri. “Wewe, kijana, nilikuwa nimeacha kukuombea tangu Alhamisi. Nitaanza tena.”

Immaculate alikuwa amekaa kwenye sanduku lake. “Pole, Kagiri,” akasema bila kuinua uso. “Na huko CU yenu sitakanyaga.”

“Sawa,” Kagiri akajibu. “Najua.”

Tulisimama kando ya barabara pale watu wanaposubiri magari. Jua lilikuwa kali. Nilitaka aseme chochote, hata tusi.

“Mathe nitamwambia mimi,” akasema. “Usije kesho.”

“Sikuwa nakuja.”

“Funguo za stoo peleka kwa Patron.”

“Nitapeleka leo.” Nikangoja. “Kagiri, utanisamehe siku moja?”

Alifikiri. Huyo ndiye Kagiri, hata siku hiyo alifikiri kabla ya kujibu.

“Najua napaswa,” akasema. “Nimehubiri hiyo kitu mara ngapi? Naweza kusema sasa hivi nimekusamehe, na pengine itakuwa kweli. Lakini siwezi kukaa nyumba moja na wewe, Nasi. Nitakuwa bafuni, simu iko mezani, ikilia nitatoka na sabuni machoni. Kila siku. Mpaka tuzeeke.”

“Basi hujanisamehe.”

“Labda. Sijui inaitwaje.”

“Bado unanipenda?”

“Ndio,” akasema. “Hiyo ndio mbaya. Ingekuwa imeisha ningeenda nyumbani nikalala.”

Akaenda. Sikumfuata.

Jioni hiyo hiyo niliandika kwenye kundi la kamati:

*“Bwana asifiwe. Simu ya Wekulo niliishika mimi, si Kagiri. Nilifuta simu zote alizopiga bila Kagiri kujua na nikanyamaza Alhamisi alipolaumiwa. Nimeshamwambia mama yake Wekulo. Kagiri arudishiwe kazi yake. Funguo ziko kwa Patron. Msiniombee mbele ya watu.”*

Alama za kusoma zikawa buluu, moja, tatu, zote. Tabby alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Mwalimu Ndeti akanipigia, akasema, “Umefanya vizuri kusema, umechelewa sana kusema,” kisha akakata. Nikajiondoa kwenye kundi.

Jumatatu mafresha walikuja. Nilipita getini kama mwanafunzi mwingine yeyote, begi mgongoni. Kagiri alikuwa kwenye meza, amenyoa, amekonda, anawapa watoto wa watu kalamu waandike majina. Immaculate aliingia na sanduku lake kichwani. Kijana mmoja wa CU alikimbia kumsaidia, yeye Immaculate akamkatalia, akapita meza bila kugeuza shingo. Kagiri alimfuata kwa macho hadi alipopotea, kisha akamgeukia aliyefuata kwenye foleni. “Karibu sana. Unatoka wapi?”

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Sijarudi CU. Jumapili nakaa nyumbani na baba yangu, nampigia msasa miguu ya meza, hatuongei sana. Mama yangu aliacha kuniuliza kuhusu Kagiri baada ya kuniuliza mara moja. Nasikia Mama Kagiri alilia alipoambiwa, na sijui alilia kwa ajili ya nani kati yetu.

Jana tulikutana uso kwa uso kwenye ngazi za maktaba. Hakukuwa na pa kukwepa. Alikuwa na vitabu mkononi, mimi nilikuwa napanda, yeye anashuka. Kwa miaka miwili na miezi yake alikuwa ameniita Nasi, hata tukigombana, hata siku ile barabarani.

“Niaje, Nasipwondi,” akasema.

“Poa, Kagiri.”

Akanipisha upande wa ukuta, akashuka.